Babu aliuliza "kabila gani?" na hakutaka kusikia "Mluguru"

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Wazazi wangu wote wawili ni Waluguru wa Matombo, mkoani Morogoro, ila mimi nimekulia Dar es Salaam. Mwezi uliopita tulipeleka posa Mombasa. Babu wa binti akaniuliza, 'Wewe kabila gani?' Nikajibu Mluguru. Akatabasamu, akasema, 'Hilo nimeshaambiwa. Nakuuliza kabila.' Mshenga akaokoa jahazi kwa kutaja jina la baba yangu na la babu yangu. Baadaye shangazi wa binti akaniambia babu alitaka kujua mlango wangu. Sasa nimechanganyikiwa. Ukoo, mlango, mbari na kabila ni kitu kimoja? Na neno ukoo lenyewe limetoka wapi? Mwalimu wetu wa shule ya msingi alituambia limetokana na koo, yaani watu waliopita koo moja. Halafu kadi ya harusi: tuandike 'familia ya' au 'ukoo wa'?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa posa. Babu hakukutega. Aliuliza swali sahihi kwa Kiswahili chake, nawe ukamjibu sahihi kwa Kiswahili chako; kilichopishana ni kimo cha neno. Kwako wewe kabila ni Waluguru wote, wa Mgeta na wa Matombo na wale waliohamia Buguruni. Kwake yeye kabila ni kundi dogo zaidi, lile unaloliita ukoo, na mtu anayeposa mjukuu wake hawezi kuliacha bila kulitaja.

Usimwone wa ajabu. Waswahili wa Mombasa tangu zamani wanajihesabu kwa mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa, yaliyogawanyika mafungu mawili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Yasome tena majina hayo utaona mengi ni majina ya mahali: watu wa mji fulani wa pwani walihamia kisiwani wakabaki wakijulikana kwa mji waliotoka. Kwa hiyo pale Mji wa Kale taifa si kitu chenye bendera na wimbo. Ni kundi la watu wanaojuana, na ndani yake mna kabila, na ndani ya kabila mna milango. Wako pia wanaotaja kabila lenye jina la Kiarabu, kama Mazrui, waliotawala Mombasa mpaka Sayyid Said alipowang'oa mwaka 1837. Mtu akisema "mimi ni Mazrui" amekujibu swali la babu. Akikwambia "mimi ni Mswahili" amemjibu karani wa sensa.

Tuje kwenye ukoo. Hapo ndipo mwalimu wako alipoteleza, na simlaumu, maana mimi mwenyewe niliwahi kuliamini hilo la koo kwa miaka. Lina utamu wake. Lakini sarufi inalikataa. Koo la shingoni wingi wake ni makoo: koo langu linauma, makoo yetu yamekauka. Ukoo wingi wake ni koo: ukoo wangu, koo zetu. Maneno hayo yanagongana kwa sauti tu, umoja wa moja na wingi wa jingine.

Wapo na wanaodhani u- ya ukoo ni ile ya utoto na uzuri, kwamba ukoo ni hali ya kuwa "koo" fulani. Hapana. Utoto hauna wingi. Ukoo unao, na unakwenda pamoja na ulimi na ndimi, ukuta na kuta, ufagio na fagio. Ngeli hiyo katika Kibantu cha kale ilianza kwa lu-, na ndugu zetu wengi bado wanayo: sisi tunasema ulimi, Waganda wanasema olulimi. Kiswahili kiliidondosha l ya mwanzo.

Kisha kikaidondosha na ile ya katikati, na hii ndiyo tabia yake iliyo wazi kuliko zote. Sisi tunasema njaa, Waganda enjala. Sisi -kuu, wao -kulu. Sisi mguu, wao okugulu. Sisi kuzaa, wao okuzaala. Wanyanja wa Malawi wanasema makala, sisi makaa. Popote unapokuta irabu mbili zimebanana katika neno la Kibantu la Kiswahili, mara nyingi pana l iliyotoroka. Basi zirudishe l zote mbili ndani ya ukoo, ya mwanzo na ya katikati, uone unapata nini.

Unapata lukolo.

Na lukolo, mwana wa Matombo, ndilo neno la bibi yako. Waluguru mpaka leo ukoo wanauita lukolo. Wagiriama wa nyuma ya Malindi wanalo pia, wao wakilitumia kwa tawi lililo ndani ya mbari, ambayo kwao ndiyo ukoo mkubwa. Nimeshawahi kukaa na vijana wa Kiluguru waliozaliwa mjini wakaniambia lukolo ni "ukoo kwa Kiluguru cha kijijini", kana kwamba Kiswahili ndicho chenye neno asilia na wao wameliharibu. Ni neno moja, ila la kwenu limehifadhi mifupa yake yote na la Kiswahili limelainika kwa kusemwa na watu wengi.

Kuna dhana ya pili ya asili, yenye nguvu kidogo kuliko ile ya shingo. Kuku au mbuzi jike aliyekwisha kuzaa huitwa koo: koo la kuku, koo la mbuzi. Watu huona hapo mama mmoja na uzao wake, wakaridhika. Mimi siridhiki, na sababu yangu ni neno kaa. Kaa wa baharini, kaa la moto na kitenzi kukaa yote yanasikika sawa leo, na yote yalikuwa na l yake. Zamani yalitofautiana kwa mpando na mshuko wa sauti, jambo ambalo Kiswahili kimelipoteza na lugha nyingi za bara bado zinalo. Kwa hiyo katika Kiswahili maneno mawili yakifanana baada ya l kuondoka, kufanana huko hakujathibitisha udugu. Ungekubali kwamba kukaa kumetokana na kaa wa baharini?

La mwisho kuhusu umbo lake, na hili ni la kuonjeshana tu. Ngeli ile ya lu- ina vitu vingi vyembamba na virefu: ulimi, uzi, ufito, ukambaa. Naona ukoo unakaa vizuri humo. Ni kitu unachokishika mahali uliposimama ukakifuata nyuma, na mbele yako kinaendelea kwa mjukuu, kitukuu, kilembwe, mpaka kining'ina.

Ila sasa sikiliza, maana neno kuwa moja hakulifanyi jambo kuwa moja. Hapa ndipo mshenga wako, kwa nia njema kabisa, alimpa babu jibu ambalo Matombo wangelicheka. Alitaja jina la baba yako. Kwa Mombasa sawa, kwa sababu nasaba pale hufuata kwa baba: fulani bin fulani bin fulani. Uluguru ukoo hupita kwa mama. Lukolo lako ni la mama yako, la bibi mzaa mama, na la mjomba wako. Lukolo la baba yako ni lake na la dada zake, na watoto wa shangazi zako ndio wenye nalo. Wewe hapo ni mtoto wa mwanamume wao. Chini ya lukolo kuna tombo, yaani ziwa, titi: watu waliotoka ziwa moja, na ardhi ya mlimani iligawiwa kwa hesabu hiyo. Jina la Matombo kwenu ni wingi wa neno hilo hilo. Kwa hiyo kila ukijaza anwani ya kwenu unaandika maziwa.

Ukitoka hapo ukashuka pwani usidhani utakuta mpango mmoja. Wadigo, kusini mwa Mombasa, wana fuko, ukoo wa upande wa mama, na wana mbari pia, ya upande wa baba. Fuko ni lile lile la fuko la uzazi. Ngazidja, kule Komoro, Waislamu wa karne nyingi, wanafuata hinya, ukoo wa mama, na nyumba hubaki kwa mabinti. Wagikuyu kwao mbari hutoka kwa babu mmoja na ndiyo yenye shamba, nayo hukaa ndani ya kundi kubwa zaidi linaloitwa muhiriga.

Kaskazini mwa kisiwa cha Mafia kuna jambo lililonivutia kuliko yote. Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeanza kufanya utafiti huko mwaka 1965, alikuta kundi la ukoo linaitwa kikao. Mtu huweza kuwa wa kikao hiki kwa baba yake, na wa kikao kile kwa mama yake, hata vitatu au vinne kwa bibi zake, akachagua pa kulima na pa kujenga kwa kufuata upande unaomfaa. Ukoo usio na mlango mmoja wa kuingilia! Wapwani wana maneno mawili mazuri kwa hili: kuumeni na kukeni. Ukiwa Mafia unahesabu kote kuwili. Wewe neno kikao umelizoea kwa kamati ya harusi yako, na asili ni ile ile, kukaa: wale walikaa kwenye ardhi, nyinyi mnakaa kujadili michango.

Tofauti hiyo inaeleza pia kwa nini babu aliuliza. Uluguru wazee huuliza lukolo kabla ya ndoa ili wahakikishe hamko ndugu, kwa sababu watu wa lukolo moja hawaoani. Pwani nia ni nyingine kabisa. Kule mtoto wa ami anaoleka, na wanasema binamu nyama ya hamu. Babu anapouliza kabila anatafuta kufu: je, huyu na mjukuu wangu wanalingana, nyumba yao inajulikana, nikitaja jina barazani kuna atakayesema namjua babu yake? Swali lile lile, moja linauliza kama mko mbali vya kutosha na jingine linauliza kama mko karibu vya kutosha. Ukilijua hilo hutaliona swali la babu kuwa la ubaguzi kwa haraka, ingawa sitakuficha kwamba kufu imewahi kutumika kufunga milango mingi isivyostahili.

Milango. Shangazi mtu alikupa neno hili na naona ndilo tamu kuliko yote. Mlango ni tawi la ukoo: watu wa mlango mmoja. Kinyarwanda na Kirundi umuryango ni mlango wa nyumba na pia ni jamaa ya mtu. Wagiriama wana mryango. Hadi hapo unaweza kusema ni Wabantu kwa Wabantu. Lakini Wajaluo, ambao lugha yao haina udugu wowote na ya kwetu, ukoo wanauita dhoot, mdomo wa nyumba, yaani mlango. Na Wanuer wa Sudan Kusini wanasema thok dwiel, mdomo wa kibanda. Lugha za koo mbili tofauti (na hapo nami nimelitumia neno kwa lugha zenyewe) zimefikia picha moja kwa sababu zinatazama ua mmoja. Bwana ana wake watatu, kila mke ana nyumba yake, kila nyumba ina mlango wake. Watoto wote ni wa baba mmoja. Ukitaka kuwatenganisha unauliza ametokea mlango gani. Ndiyo maana hata katika ukoo wa baba, mgawanyiko hutokea kwa akina mama. Waswahili husema hivyo kwa ndugu wa tumbo moja, ndugu wa toka nitoke, na hata neno mji lina tumbo ndani yake: mji wa mimba.

Waganda wamelijenga jambo hili mpaka paa. Ukoo wao ni ekika. Chini yake kuna essiga, ambalo ni figa la jikoni. Chini ya figa kuna omutuba, ule mti wa kutengenezea nguo za magome. Kisha olunyiriri, mstari. Kisha uwanja wa nyumba, kisha nyumba. Na mkuu wa ukoo mzima anaitwa Owakasolya, mwenye kilele cha paa. Kila nikieleza haya darasani, mwanafunzi mmoja huuliza mbona Kiswahili hakina ngazi kama hizo. Kilikuwa nazo. Zimepanda juu zikatuacha.

Kabila ni la Kiarabu, na wanalugha wa Kiarabu wa zamani walilihusisha na vipande vya mifupa ya fuvu vinavyokutana kichwani. Wanasaba wao waliligawa kundi la watu kwa viungo vya mwili: chini ya kabila kuna batni, tumbo, na chini ya tumbo kuna fakhidhi, paja. Waislamu wanalijua neno hilo kutoka Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, kwamba watu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane. Taifa nalo ni la Kiarabu, na kule maana yake ni kundi tu, sehemu ya watu. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililofika pwani likiwa na ukubwa lililonao leo.

Aliyelipandisha kabila ni serikali. Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, alitaka kutawala kwa kupitia wenyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikampa njia: kila eneo liwe na mamlaka yake ya kienyeji, na ramani ikagawiwa kwa watu waliodhaniwa kuwa wa kundi moja chini ya chifu. Kwa Waluguru ilikuwa taabu, maana mlimani kila lukolo lilikuwa na wakubwa wake. Lakini fomu ilitaka jina moja, na karani akahitaji neno moja la Kiswahili la kuweka juu ya kile kimstari. Akaandika kabila. Ukoo ukabaki chini yake. Taifa likapanda zaidi, likawa nchi, na mwaka 1961 likapata uhuru. Babu wa Mombasa hakupanda nayo ngazi hiyo.

Kwingine kupanda huko kulileta maafa. Rwanda neno ubwoko lilitumika kwa koo: Abanyiginya, Abega, Abasinga na nyinginezo. Katika ukoo mmoja ungekuta Mhutu, Mtutsi na Mtwa. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakatoa vitambulisho, na kwenye mstari wa ubwoko hawakuandika ukoo. Waliandika Hutu, Tutsi au Twa. Mstari huo ulibaki kwenye kadi hadi 1994, na kwenye vizuizi vya barabarani ulisomwa kuamua nani apite na nani auawe.

Yapo pia yaliyopanda kwa heri. Jamaa, kutoka Kiarabu jamaa'a, ilikuwa watu wako wa karibu. Nyerere mwaka 1962 akaiwekea u- akaipa nchi nzima ujamaa, na ndugu ikawa cheo cha kila mtu, hata cha yule anayekudai kodi. Siku hizi jamaa imeshuka mpaka chini kabisa: "jamaa mmoja kanikanyaga kwenye daladala." Huyo ndiye mtu ambaye humjui hata jina.

Basi ukirudi Mombasa, mpe babu shikamoo yake, kisha mwambie kwa utaratibu: "Sisi Waluguru. Ukoo wetu kwetu tunauita lukolo, nasi tunaupata kwa mama. Lukolo langu ni fulani." Mpigie mjomba wako simu kabla hujasafiri akupe jina lenyewe na jina la tombo lenu, na akutajie bibi watatu au wanne kwenda juu. Babu atakutajia wake kwa akina baba. Mtakesha.

Kuhusu kadi: familia imetujia kutoka Ulaya, na kwa Kirumi cha kale ilikuwa watumishi wa nyumba pamoja na bwana wao, kwa hiyo hakuna cha kuionea aibu wala cha kujivunia. Leo kwetu ni baba, mama na watoto. Wanaoalika kwenye kadi ni wazazi wako wawili, basi andika "Familia ya Bwana na Bibi fulani". "Ukoo wa" utawaingiza watu wa pande mbili zisizo za lukolo moja, na mjomba wako wa Matombo, ambaye kwa haki ndiye mwenye ukoo, atauliza mbona jina lililoandikwa ni la shemeji yake.